Mlamula Haung'olewi

Vijana wa idara, mmenitaka niandike niliyoyaona kazini kabla sijayasahau. Sijasahau kitu. Vyeo na mishahara nitaviruka, maana barua ya kupandishwa daraja haijawahi kuzima moto wa msitu. Nitaandika habari za kilima kimoja tu, Nyabishenge, upande wa Kamuli, ambako sasa mnakuita Kyerwa lakini wakati wangu kote kulikuwa Karagwe. Nikisema niandike habari za vilima vyote nilivyovitumikia, hasira itanimaliza kabla ya karatasi.

Nilifika Kayanga mwaka 1978, mkoa bado unaitwa Ziwa Magharibi. Nilikuwa nimetoka chuo cha misitu, nina cheti, panga jipya na buti za kiume zilizonipwaya, kwa sababu stoo ya chuo haikuwa na buti nyingine. Karani alipokea barua yangu, akanitazama, kisha akachungulia nyuma yangu.

"Bwana Miti mwenyewe yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

"Wewe?" Akaisoma barua upya, pole pole, kama mtu anayetafuta kosa. "Basi karibu. Baiskeli tuliyoiandaa ni ya mwanamume."

Niliipanda hiyo hiyo. Shuleni wanafunzi walisimama na kuimba, "Shikamoo, Bwana Miti!" nami nikaitikia marahaba. Ilichukua muda mrefu mpaka wakazoea kuniita Bibi Miti.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Bernardo, mlinzi wa misitu, Mnyambo wa Kihanga, mtu wa maneno machache na kikohozi kingi. Alinifundisha barabara za moto. Msitu huulindi kwa kusubiri kiangazi kikali, unauzungushia ukanda uliochomwa mapema, nyasi zikiwa nusu kijani, ili moto wa wafugaji ukifika ukute hakuna cha kula. Alikuwa akishika fungu la nyasi na kulikunja. Likipinda, tulichoma. Likivunjika, alitupa kiberiti mfukoni na kusema tumechelewa, twende tukafyeke kwa mkono. Hilo halikuwa kwenye madaftari yangu, na nililifuata mpaka nilipostaafu.

Mwishoni mwa mwaka ule vita vikaja. Watu waliokimbia mpakani walilala kwenye misitu yetu na kukata kuni. Bernardo aliniuliza kama tuwakamate. Nikamwambia aliyekata mti ili mtoto ale uji hana kesi na mimi. Nataka mlijue hilo kabla sijafika kwa wengine, waliokata wakati wa amani na sufuria zao zimejaa.

Baada ya vita ilikuja ile miaka ambayo dukani hukuti sabuni wala chumvi, sembuse viriba vya kuoteshea miche. Tulitengeneza viriba vyetu kwa maganda makavu ya migomba, tukayakunja na kuyafunga kwa nyuzi za mgomba huo huo. Mwalimu Paskazia wa shule ya msingi ya Nyabishenge ndiye aliyelifanya jambo hilo kuwa somo. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali, na alikuwa na sheria moja: somo la miti halifundishwi ndani ya darasa. Aliwatoa watoto nje hata kwenye manyunyu, na kila mmoja aliumwagilia mche wake maji ya kuoshea vyombo kutoka kwao. Mche ukifa, mwenyewe alisimama mbele ya wenzake na kueleza umekufaje. Niliwahi kumsikia mtoto akisema, "Umekufa kwa bibi," maana bibi yake aliliona ganda kavu la kiriba akaliwashia moto. Walicheka mpaka Paskazia mwenyewe akageuka ukutani.

Msitu wa Nyabishenge ulikuwa wa halmashauri, yaani wa watu wote. Ulivaa kilima kuanzia kiunoni mpaka mabegani, na kijito cha kijiji kilitoka chini yake. Ili ujulikane unapoanzia na unapoishia, ofisi ilituletea bikoni za saruji. Tulizifukia vizuri. Baada ya msimu mmoja nyingi hazikuwapo. Moja niliikuta imeegemezwa kwenye mlango wa banda la kuku. Nyingine niliikuta juu ya mtumbwi wa kukamulia rubisi, imegandamiza majani ya mgomba yaliyofunikia pombe. Nilimwuliza mwenye mtumbwi kama anajua lile ni jiwe la nani.

"Waitu, ni la serikali," akajibu kwa heshima zote. "Lilikuwa limekaa tu huko juu halina kazi. Nimelipatia kazi."

Bernardo alikohoa, akasema tunapoteza saruji. Wanyambo wana mpaka wao, alisema, mlamula, tupande huo. Ninyi mliozaliwa huko mnaujua. Wengine jueni kwamba ni mti wa majani marefu yanayoning'inia, na unapandwa pale ardhi ya mtu mmoja inapokutana na ya mwingine. Mashauri ya ardhi yanaamuliwa kwa kuutazama. Na haung'olewi. Baba hamng'olei mwanawe, mwenye deni haung'oi, mlevi akianguka juu yake anaamka na kuomba radhi. Anayeung'oa, wanasema, nyumba yake haitasimama.

Tukafanya hivyo. Vipande vya milamula vilitoka majumbani, wanafunzi wakavibeba mabegani, na tukauzungushia msitu wote mpaka wa milamula. Paskazia alifanya somo: kila mtoto alisimama penye mlamula aliopanda, akaonyesha mkono mmoja na kusema "msitu," akaonyesha mwingine na kusema "watu." Wazee walikuja kushuhudia wamevaa makoti. Hakuna mzee aliyekuja kushuhudia bikoni. Tangu siku hiyo jembe halikuvuka. Nilizunguka wilaya nzima nikisema igeni Nyabishenge.

Upande wa chini, nje ya mpaka, alikaa Yohana na mkewe Veneranda. Baba yake Yohana alikuja kutoka Burundi kulima kahawa ya watu, akafia hapo hapo kijijini. Yohana alizaliwa hapo, akabatizwa hapo, na kijiji kilimpa kiwanja mbele ya mkutano. Alibeba maji siku tulipopanda milamula. Migomba yake ilitandazwa nyasi nene hata ukitembea humo husikii nyayo zako. Hata hivyo pale kisimani yeye na mkewe waliitwa Warundi, kwa mzaha ule ambao anayetaniwa hauchagui.

Sasa nafika kwa Fidelis.

Fidelis alikuwa mwenyekiti wa kijiji, na shamba lake lilipakana na msitu upande wa juu. Bernardo alipostaafu, nami nikapelekwa Kihanga kusimamia vitalu kwa muda, msitu ulibaki na mlinzi mmoja aliyekuwa shemeji yake Fidelis. Niliporudi nilikuta upande wa juu umeliwa. Ukanda mpana wa miti haupo, badala yake kuna mibuni michanga imepangwa kwa kamba. Na pale ndani kabisa, ukingoni mwa ukanda ule, umesimama mstari mpya wa milamula, mashina mazito kama paja la mtu.

Nilimfuata nyumbani. Alinipa kiti.

"Ndugu Mwenyekiti, milamula ile imetoka wapi?"

"Ile? Ya babu yangu."

"Mpaka tuliupanda sisi, juu ya pale, na bado umesimama. Wewe mwenyewe ulikuwapo, umevaa koti."

"Nilikuja kwa adabu. Nilijua mnakosea, lakini mtu hakatizi watoto wanaoimba." Akacheka. "Bibi Miti, wewe kwenu Njombe. Huku tunasoma unene. Shina kama lile, utaniambia ni la juzi?"

Hapa nawaomba wanafunzi wangu msikilize, maana ujanja ni huu. Mlamula hauoti kwa mbegu mpakani. Unakata shina, unalichomeka, linashika. Ukikata changa la unene wa kidole, litashika. Ukikata zee la unene wa paja kutoka kwenye uzio wa zamani, litashika pia. Kwa hiyo unene unakuambia umri wa shina tu, umri wa mpaka hausemi. Ukitaka kujua umekaa hapo muda gani, lazima ufukue kitako chake. Uliozeeka mahali pake umevimba chini kama kisigino na mizizi yake imekomaa. Wa juzi bado una jeraha la panga, na mizizi kama ndevu za kijana. Fidelis alijua hayo yote. Na alijua kwamba hakuna Mnyambo atakayefukua.

Nilishitaki. Kamati ya ardhi ikaja, wanaume watupu, wote wa huko huko. Walipofika kwenye mstari wa Fidelis walivua kofia. Aliyeongoza kamati akashika jani moja kwa vidole viwili.

"Mlamula umesema," akatangaza.

Nikaomba wafukue mmoja, mmoja tu. Ningesema tuvunje altare wasingeshtuka zaidi. Nikasema basi nitafukua mwenyewe. Mkubwa wangu wa kazi, aliyefuatana nao, akanigeuzia uso. "Ukiugusa umeharibu ushahidi katika kesi ya serikali. Nitakuwa wa kwanza kukushitaki." Mtu aliyesoma chuo kile kile nilichosoma mimi.

Kisha wakaamua jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka naacha kula. Walisema msitu wa umma usipungue, huo ni mwongozo wa serikali. Kwa kuwa upande wa juu ni mali ya Fidelis, msitu utafidiwa upande wa chini. Upande wa chini ni wapi? Kwa Yohana. Yohana avune maharage yake, ahame, na mvua zikianza shule ipande miti pale iwe siku ya mazingira.

"Wa chini wanahama, wa juu wanabaki," Yohana akasema taratibu.

"Wewe una kwenu," Fidelis akamjibu. "Sisi tukitoka hapa twende wapi?"

Kabla kamati haijarudi kuweka alama, nilipanda baiskeli mpaka Kihanga kwa Bernardo. Nilimkuta anaanika kahawa. Nilimweleza yote, nikamwomba aje afukue, watu watamwamini. Alisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kugeuza kahawa kwa mkono.

"Ni wa juzi huo," akasema. "Bila kuuona nakuambia ni wa juzi."

"Basi njoo."

"Mwanangu, niombe kitu kingine."

Sikumchukia. Niliowachukia ni wale waliojua kwamba atajibu hivyo, wakajenga wizi wao juu ya adabu yake.

Siku kamati iliporudi, kijiji kizima kilikuwa kimepanda mlimani. Veneranda alikuja na jembe begani, na hakuna aliyeshangaa, kila mwanamke huko anatembea na jembe. Alisalimia wazee kwa magoti, mmoja mmoja. Kisha akapita katikati yao mpaka kwenye mlamula wa kwanza, akaanza kuchimba.

"Mshikeni!" Fidelis akapiga kelele. "Mrundi huyu anatuletea balaa!"

Hakuna aliyemshika, maana kumshika kulikuwa kuukaribia mlamula unaochimbwa. Veneranda hakusimamisha jembe.

"Miaka yote kisimani mnaniambia mimi si wa hapa," alisema, anahema. "Nilikuwa nakataa. Leo nimekubali, waitu. Mimi si wa hapa. Basi mwiko wenu haunijui."

Akaukumbatia mti ule na kuung'oa. Ulitoka kirahisi kama mhogo baada ya mvua. Akaulaza miguuni pa kamati. Kitako chake kilikuwa kimekatwa panga, mshazari, jeraha bado linaonekana, na mizizi yake nyembamba unaweza kuisafisha kwa kiganja. Mzee mmoja wa kamati aliinama akatazama kwa muda mrefu. "Huu haukuzeekea hapa," akasema. Watu wote walisikia. Hata Fidelis alisikia, maana alianza kuifuta kofia yake kwa mkono wa koti.

Mnadhani yaliishia hapo? Mimi pia nilidhani.

Aliyeongoza kamati alikohoa, akakiri kwamba mstari ule wa milamula si mpaka. Ardhi ile ni ya msitu. "Lakini," akasema, "mibuni imekwisha pandwa, na mbuni haung'olewi, sheria inakataza tangu enzi za mkoloni. Kwa hiyo Ndugu Mwenyekiti atatunza mibuni ile, na fidia ya upande wa chini inabaki kama ilivyoamuliwa." Yaani mlamula ulipomwangusha, mbuni ulimwinua. Na Veneranda akatozwa mbuzi wa kuutuliza mlamula alioung'oa. Alikuwa na mbuzi mmoja. Mbuzi huyo alichinjwa siku hiyo hiyo, akaliwa na kamati iliyokuwa imevulia kofia kijiti cha juzi. Fidelis alikula paja. Mimi nilisimama pembeni na njaa yangu.

Wilayani niliandika mpaka wino ukaisha. Jibu lilikuwa moja, andaa miche, mgeni rasmi anatoka mkoani.

Nikaandaa miche. Misizi, mti wetu, unaokua haraka na kutandaza kivuli kama mwavuli. Paskazia alikuja kitaluni akanikuta nimekaa juu ya ndoo.

"Leo somo ni nini, Bibi Miti? Maana watoto wananiuliza kwa nini tunapanda msitu kwenye migomba ya watu."

"Umewajibu nini?"

"Nimewaambia nitauliza."

Nikamwuliza kama sheria inakataza kupanda mti katikati ya mibuni. Akafikiri kama anasahihisha mtihani. "Inakataza kung'oa mbuni," akasema. "Kupanda haikutaja. Tena bwana shamba kila siku anatuimbia kahawa inataka kivuli."

"Kivuli kiasi."

"Kiasi hakukitaja."

Siku ya sherehe mgeni rasmi alishuka kwenye gari, viatu vyake vinameta. Hakuijua Nyabishenge, na kazi ya kumwongoza ilikuwa yangu. Njia ilipogawanyika, ya kushoto inashuka kwa Yohana, ya kulia inapanda. Nikaelekea kulia. Watoto wakatufuata na miche na majembe, wanaimba. Nyuma yangu nilisikia Fidelis anaongeza mwendo.

"Bibi Miti, umepotea. Ni kule chini."

Nilingoja mpaka tumefika juu, ndipo nikasema kwa sauti. "Mheshimiwa, hapa ndipo msitu wa wananchi ulipokatwa. Kamati ya ardhi imethibitisha kwamba ni ardhi ya msitu. Wananchi wameona tuanzie hapa."

Mgeni akaitazama mibuni. "Na hii kahawa ya nani?"

Fidelis alifumbua mdomo, akatazama watu, watu wakamtazama. Aseme ni yake, aulizwe aliipandaje msituni.

"Ya... inatunzwa tu, Mheshimiwa," akasema.

"Vizuri. Kahawa na misitu pamoja. Hii ndiyo elimu ya mazingira!" Mgeni akapanda wa kwanza, akapigiwa makofi. Paskazia akawageukia watoto. Walitawanyika kati ya mibuni na kuchimba kila mahali ambapo jembe liliweza kuingia, mpaka kitalu kizima kikawa kimemalizika. Mkubwa wangu aliniuliza huku ameuma meno, "Na kule chini?" Nikamwambia miche imekwisha.

Fidelis hakuthubutu kung'oa hata mmoja. Ilipandwa na mkono wa serikali, na kibao cha mgeni rasmi kilisimama pale. Misizi ikapanda, ikafumba juu, na kahawa yake ikabaki majani. Mimi nilihamishiwa upande wa pili wa wilaya kabla ya mvua nyingine, kwa kosa la kupotea njia.

Mnaosoma msinipigie makofi. Amri ya kumhamisha Yohana haikufutwa. Siyo mwaka ule, siyo halmashauri iliyofuata, siyo wilaya ilipogawanywa. Yohana alikufa nayo. Kabla sijastaafu nilipita pale, nikamkuta Veneranda anamenya ndizi mlangoni. Aliponiona hakunisalimia kwanza. Alitazama nyuma yangu, barabarani.

"Wameleta miche?"

"Hapana, mama."

"Basi karibu ule."

Nilikula. Kila mvua zinapoanza mwanamke yule husikiliza gari. Anaishi kwake, na wanawe wanaishi kwao, na haki haikuhusika hata kidogo. Miche ilikwisha, ndiyo sababu pekee. Wewe unayekalia kiti changu leo, vitalu vyako vimejaa, nimeviona. Fungua jalada la Nyabishenge, uifute amri ile, kisha mpelekee Veneranda nakala mkononi, angali hai.